Vichwa Viwili, Jina Moja

Usumbura, 7 Machi 1954

Dada yangu Wayua,

Pokea salamu hizi uzigawe kama unavyogawa nyama: pande kubwa kwa mama, linalofuata kwa mke wangu Katunge na watoto, na mfupa umpe shemeji Ndambuki, maana najua anapenda mfupa. Mimi ni mzima. Chakula kipo na kitanda kipo. Huku, nchi wanayotawala Wabelgiji, watu wana Kiswahili chao cha kuvutavuta. Nikifungua mdomo wananicheka, nami nawacheka, basi siku zinakwenda.

Ninaandika Kiswahili badala ya lugha yetu kwa sababu karani wa hapa husoma barua zetu kwanza, na asichokielewa hakiendi posta. Kwa hiyo namsalimu naye pia.

Sasa sikiliza. Sijui Bwana Jayant amewaambia nini aliporudi Thika bila mimi, kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Tulifika hapa salama kwa ndege yake, yeye mwenyewe rubani, kwa arusi ya binamu yake. Injini haikukohoa hata mara moja tangu Nairobi. Tuliposhuka, Mbelgiji mmoja mwenye kaptura akaja kuomba karatasi ya safari, ile ambayo rubani anayetoka nchi nyingine lazima aitoe kabla hajanyoosha miguu. Ndani yake mna kila kitu: namba ya ndege, leseni ya rubani, kwamba ndege haina ugonjwa, kwamba haikuja kuuzwa, mizigo, gurudumu la akiba, na watu. Mbelgiji akasoma, akatutazama, akasoma tena. Vichwa viwili, jina moja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Huyu? Fundi wangu," akasema Bwana Jayant, kama mtu aliyeulizwa habari ya kofia yake.

Wewe umelea mtoto katika nyumba yao, unawajua. Baba yake alianza na lori moja, na katika malori yao karatasi huwa na jina la dereva na mzigo tu. Taniboi haandikwi. Nani amewahi kumwandika taniboi? Anapanda juu ya magunia, anashuka, anasukuma, anapanda tena. Basi kule Nairobi Bwana Jayant alijaza karatasi ya ndege kama anavyojaza ya lori, nami nimesimama ubavuni pake nimeshika sanduku la spana. Sanduku aliliandika.

Mbelgiji akataka kadi yangu ya sindano ya homa ya manjano. Sina. Pasipoti. Sina. Nikatoa kipande changu, kile cha kazi cha serikali ya Kenya, akakigeuza huku na huku, akanirudishia. Bwana Jayant aliruhusiwa kwenda arusini na kurudi Kenya. Mimi nikaambiwa nikae kwanza katika nyumba ya wageni wa serikali, karibu na hospitali. Aliniahidi mwenyewe: "Muasya, wiki mbili. Nikifika Nairobi nitawaeleza, watakuandika, nitakuja kukuchukua." Ni mtu mwema, hajawahi kunitukana. Basi nangoja.

Mwambie mama niko kazini, na si uongo, nimewatengenezea pampu ya maji. Katunge mwambie asimuuze yule mbuzi mwekundu.

Ndugu yako,
Muasya


Thika, 29 Machi 1954

Ndugu yangu Muasya,

Salamu zimefika na zimegawanywa. Ndambuki anasema mfupa wake haukuwa hata na ukano. Mama goti linamsumbua kama kawaida wakati wa mvua, lakini mvua yenyewe imenyesha vizuri kwetu Gatuanyaga na kunde zimeshika. Binti yako Ngina ameng'oka meno mawili ya mbele na ukimwambia acheke anafunga mdomo kama bibi arusi.

Barua yako nimepewa mkononi na Bwana Jayant, maana ilikuja kwenye sanduku la posta la duka lake. Ilikuwa imefunguliwa. Alisimama mlangoni mwa jikoni nikisoma, anaangalia viatu vyake. Aliporudi mwezi uliopita alituambia umebaki kutengeneza lori la binamu yake, nami nikasema moyoni, arusi gani hii yenye lori bovu. Nilipomaliza kusoma akasema, "Wayua, jambo hili ni dogo lakini wakati ni mbaya. Muasya atarudi. Usizungumze na watu." Nikamwuliza kama amekwisha kwenda Nairobi kueleza. Anasema anatafuta siku nzuri.

Naandika nikijua atayasoma haya kabla hayajatoka, na ayasome. Bwana Jayant, siku nzuri ni hii uliyoamka nayo.

Jambo moja. Mkubwa wa kijiji alipita kwa mama na homgadi wawili, wale walinzi wa serikali, akauliza mwanawe wa kiume yuko wapi. Mama akamjibu, "Yuko juu, kwenye ndege." Walicheka, halafu wakaandika.

Katunge amesimama hapa begani pangu, amekuja sokoni Thika na kunde. Anasema niandike hivi: mbuzi mwekundu hauzwi, lakini mwenyewe akichelewa ataliwa na wenye njaa. Ndiyo maneno yake, mimi sikuongeza kitu.

Dada yako,
Wayua


Usumbura, 25 Aprili 1954

Dada yangu Wayua,

Nimefurahi kusikia kunde zimeshika. Mama asifunge goti kwa kitambaa chenye maji baridi, nimemwambia mara nyingi. Ngina mwambie hata babu yake hakuwa na meno na alicheka mpaka siku yake ya mwisho.

Mimi nimepigwa sindano. Mkono ulivimba siku mbili, kisha nikapewa kadi, nayo ni ya njano kweli, na daktari ameandika jina langu kwa mkono wake: Muasya wa Nzomo. Kadi hiyo haina nguvu mpaka zipite siku kumi tangu sindano, nazo zimekwisha pita. Kwa hiyo upande wa homa mimi ni mtu kamili. Nimeitazama sana kadi hii. Ukiacha kipande, ni karatasi ya kwanza ya serikali iliyokubali kwamba nipo.

Kilichobaki ni neno la aliyenileta. Mbelgiji wa uwanja aliandika Kenya kuuliza, akajibiwa kwamba ndege ile ilitoka na mtu mmoja ikarudi na mtu mmoja, na hakuna aliyepotea. Aliniita akanisomea. "Hesabu yao iko sawa," akasema. "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia mimi ni wa Gatuanyaga. Akasema hiyo si hesabu.

Kwa hiyo siku nzuri ya Bwana Jayant bado haijafika, au imefika akaiacha ipite. Mkumbushe taratibu. Usimtukane, maana mnakula kwake, wewe na shemeji.

Lango la nyumba hii hufungwa jioni. Wanasema ni kwa usalama wetu.

Na Katunge anasemaje?

Ndugu yako,
Muasya


Ruiru, 16 Mei 1954

Ndugu yangu Muasya,

Hatujambo, wewe je? Leo naandika nikiwa nyumbani Ruiru, nimekaa kizingitini, na shemeji yako anafukuza ng'ombe wa watu kwenye nyasi anazomtunzia Bwana Jayant za kutulia ndege. Ile soksi ya kuonyesha upepo imechanika, ameitia kiraka cha kanga yangu kuukuu, sasa upepo wa Ruiru una maua. Barua hii naitia posta mwenyewe. Na wewe usijibu tena kwa sanduku la duka, jibu kwa anwani ya kanisa niliyoandika nyuma.

Mwezi uliopita Nairobi ilizingirwa na askari, watu wakapangwa mistari mtaa kwa mtaa. Tangu hapo na huku kwetu kila nyumba inahesabiwa. Sisi Wakamba tulidhani emajensi, hii hali ya hatari, ni ya majirani. Tumehesabiwa, na nyumba yako imepungukiwa na mtu.

Maofisa wawili wa serikali walikuja nyumbani kwa Bwana Jayant. Mimi nilikuwa naingia na sinia ya chai.

"Una mtu anaitwa Muasya?"

"Nilikuwa naye. Aliacha kazi Februari."

"Alikwenda wapi?"

"Hakuniaga," akasema Bwana Jayant.

Muasya, sijui kwa nini sikuiangusha ile sinia. Nilitaka kusema kweli pale pale. Halafu nikaona nyumba hii ya Ruiru, nyasi hizi, mshahara wa Ndambuki na wangu, vyote mkononi mwa mtu mmoja, nikamimina chai. Yeye hakuweza hata kunitazama. Alitia sukari mara tatu na hakunywa.

Unaelewa maana yake. Mwanamume aliyeondoka Februari bila kuaga, siku hizi ana mahali pamoja tu pa kwenda, na mahali hapo ni msituni, kwa wanaopigana na serikali. Karatasi za Nairobi zinasema hukutoka nchini. Nyumba yako inasema wewe hupo. Wao wanajumlisha.

Watoto wote wako kwa mama, wanakula, wanacheza. Katunge anaendelea.

Dada yako,
Wayua


Usumbura, 6 Juni 1954

Dada,

Salamu kwa mama na watoto.

Hakuniaga? Siku aliyoondoka hapa ni mimi niliyemzungushia propela, askari ananishika shati kwa nyuma nisije nikadandia. Nilimpungia mkono mpaka ndege ikawa kama nzi. Kama huko si kuagana, sijui kuagana ni nini.

Lakini swali langu si hilo. Katunge hajawahi kuiacha barua iende bila kuchomeka neno lake. Wewe umeandika "anaendelea". Mvua huendelea, kikohozi huendelea. Na watoto wako kwa mama kwa nini, nyumba yangu ina nini? Niambie mke wangu yuko wapi. Karani akisoma, na asome.

Muasya


Ruiru, 27 Juni 1954

Ndugu yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mama hajambo. Watoto hawajambo. Hizo ndizo salamu, sasa nakuambia.

Katunge alichukuliwa juma lile lile ambalo maofisa walikunywa chai. Walimkuta anapukuchua mahindi. Wakamwuliza mume wake yuko wapi, akasema kweli: yuko Usumbura, alikwenda kwa ndege. Wakasema, Mkamba gani huyu anayekwenda Usumbura kwa ndege? Akasema, "Yule anayeitengeneza." Hilo ndilo waliloliita ujeuri. Yuko kambi ya kuwafungia wanawake. Nimekwenda mara mbili na chakula. Mara ya kwanza nilirudishwa langoni. Mara ya pili nilimwona kwa mbali, amenyolewa, anabeba mawe kwenye karai pamoja na wenzake. Nilimwita. Hakugeuka, au hakusikia.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefungiwa mbali, nami sikuona utafanya nini na habari hiyo ila kujiumiza. Unikasirikie ukitaka.

Nilichukua bahasha zako zenye stempu za huko nikaenda nazo kwa maofisa. Nikawaeleza yote. Mmoja akasema stempu kama hizo watoto wa Kizungu wanakusanya kwenye vitabu, zinauzwa kila mahali. Akapiga simu kwa Bwana Jayant mbele yangu. Bwana Jayant akarudia yale yale.

Nikajua nimekwisha fukuzwa kazi. Lakini jioni alikuja jikoni akakaa kwenye kile kigoda changu cha kumenyea viazi, yeye na suruali yake nyeupe. Akasema, "Wayua, mimi ni Mhindi mwenye ndege. Kila juma wanakuja kupima petroli yangu. Nikisema nilitoka na mtu bila kumwandika, wataniuliza nimetoa wangapi. Watasema nasafirisha watu wa msituni. Si leseni tu. Watanifunga." Alikuwa analia, Muasya. Nilimwonea huruma, kisha nikamkumbuka Katunge na karai, huruma ikaniisha.

Anasema atafanya hivi. Ataruka kuja kwenu. Wabelgiji watafurahi kukutoa mikononi mwao, na karatasi ya kutoka huko itaandikwa watu wawili. Akifika huku atashuka kwanza hapa Ruiru, kwenye nyasi za Ndambuki, wewe uruke chini. Halafu aende Nairobi kutoa karatasi ya kufika, nayo itakuwa na mtu mmoja. Ndambuki atawasha moshi kuonyesha upepo, kama siku zote.

Najua kichwa chako. Najua utakataa. Usikatae. Nakuomba kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni: njoo vyovyote vile, watuone tuna mtu. Mama ameanza kuwaita watoto wako kwa jina lako.

Wayua


Usumbura, 15 Julai 1954

Dada yangu Wayua,

Sikukasirikii. Nilikaa na barua yako nyuma ya pampu ili nisionekane, kisha nikaenda nikaomba kazi ya kupasua kuni, na kuni zikaisha.

Sasa na mimi nikuambie jambo. Nyumba hii ya wageni ina waya pande zote. Wenzangu ni watu waliokamatwa mpakani bila kadi, wanaingia na kutoka, mimi nimekuwa kama mwenyeji. Ninataka kuja. Ninataka mpaka meno yananiuma.

Lakini fikiri pamoja nami, wewe uliyenifundisha kujumlisha kwa punje za mahindi. Nikiruka kwenye nyasi za Ruiru, nitakuwa nani? Nitakuwa mtu aliyepotea Februari na kuonekana Agosti, hana karatasi ya kutoka wala ya kurudi. Wataniuliza nilikuwa wapi. Nikisema Usumbura, karatasi itasema ni uongo. Nikinyamaza, msitu utanisemea. Watanichukua jioni hiyo hiyo, na Katunge hatatoka, maana watakuwa wamepata kosa walilokuwa wanamtafutia. Tena watamchukua na Ndambuki aliyewasha moshi.

Nilitoka huko kama spana, na spana haiulizwi ilikuwa wapi. Mimi nitaulizwa. Kwa hiyo nitarudi kwa jina langu, au nitakaa hapa mpaka wanichoke.

Maneno yako hayaandikwi, yangu hayaandikwi. Neno litakaloandikwa ni la Bwana Jayant tu. Sijui utamfikishaje hapo. Na akifika, nyumba ya Ruiru itakwenda na kazi zenu zitakwenda. Nakuomba jambo kubwa, ninajua ukubwa wake. Mwulize Ndambuki kwanza.

Ndugu yako,
Muasya


Thika, 8 Agosti 1954

Ndugu yangu Muasya,

Hatujambo sote, na leo neno hilo nalisema bila kulivuta kwa kamba. Ngina meno yameota, makubwa kama ya sungura.

Nilimwuliza Ndambuki. Alitoka akaenda kuzizunguka nyasi zake zote, akarudi akasema, "Mimi nililima mahindi kabla sijalima nyasi." Basi nikampa Bwana Jayant jibu lako, kwamba hutaki kurushwa kama gunia. Nilimwona anashusha pumzi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli kweli. Alikuwa ameogopa usije ukakubali.

Sikwenda tena kwa maofisa. Nilikwenda kwa mama yake. Mama Mkubwa Bhagwanti unamjua, funguo za nyumba ile ziko kiunoni pake, na hajui kusoma hata herufi moja. Alikuwa barazani anachagua mawe kwenye mchele. Nikakaa chini nikachagua naye, nikamweleza tangu sanduku la spana mpaka karai la Katunge. Hakuinua macho.

"Wewe nasema kweli?"

"Kweli, Mama."

"Mtoto yangu nasema hapana jua Muasya?"

"Alisema Muasya aliacha kazi, Mama. Wala hakumuaga."

Akaendelea na mchele mpaka ukaisha. Kisha akaniambia habari ya marehemu mume wake, siku lori lao lilipopinduka kwenye mteremko wa Kijabe. Magunia yote yalimwagika barabarani, watu wakaanza kuokota. Mzee hakuyatazama. Alimbeba taniboi mgongoni mpaka kwa mganga wa misheni. Halafu akasema, "Bwana yangu hapana andika taniboi. Lakini hapana acha taniboi."

Siku hiyo akaacha kula. Hakugomba na mtu. Chakula kikipakuliwa alikuja mezani kama kawaida, akakaa mbele ya mwanawe, sahani yake ameifunika chini juu. Bwana Jayant aliomba, alipiga kelele, alimwita daktari. Mama Mkubwa alikunywa maji tu na kumtazama. Sisi jikoni tulipika na kumwaga. Mwishowe asubuhi moja Bwana Jayant alishuka amevaa koti, ameshika faili la karatasi za ndege. Akaenda Nairobi kwa motokaa. Aliporudi jioni alikwenda moja kwa moja mezani, akaigeuza mwenyewe sahani ya mama yake.

Amesema yote. Leseni wameichukua, ndege imefungiwa uwanjani Nairobi, na atafika mbele ya hakimu. Hawakumfunga. Sasa na la kwako: karatasi ya safari ile haitaguswa. Ofisa alimwambia safari ikishafungwa haiingizwi jina. Ila wataandika Usumbura kwamba yuko mtu anaitwa Muasya wa Nzomo, ni wa Kenya, anajulikana, arudi kwa gharama ya aliyemwacha. Ulitokaje, hawataandika.

Kiwanja cha Ruiru kimefungwa, ng'ombe wanalala pale pale mlipokuwa mkitua. Tunahamia Gatuanyaga kwa mama. Mimi sikufukuzwa, Mama Mkubwa alinishika mkono nibaki. Lakini siwezi tena kumimina chai katika chumba kile.

Na Katunge ametoka. Alirudishwa Alhamisi kwa lori, akashushwa njiani, akatembea. Amekonda lakini hana kidonda. Hasemi. Si kwamba amekasirika, hasemi tu. Watoto wanamkalia mapajani, anawashika, anatazama njia. Nimemwambia unakuja. Nimemwambia mbuzi mwekundu yupo. Bado hajasema.

Dada yako,
Wayua


Kigoma, 12 Septemba 1954

Dada yangu Wayua,

Salamu kutoka upande huu wa ziwa! Nimefika Kigoma kwa meli, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya meli, nimeliona kwa macho yangu, kati ya mfanyabiashara wa samaki na mtawa mmoja. Nilimwomba karani anionyeshe tena. Akadhani nina wazimu.

Mwambie shemeji nimesikia aliyoyasema juu ya mahindi, na nitamlimia shamba zima msimu huu bila kuomba mfupa. Mama Mkubwa Bhagwanti nitakwenda kumwamkia kabla sijavua viatu. Bwana Jayant sijui. Nikimwona ndipo nitajua.

Kuna kichekesho. Kabla ya kunifungulia, Mbelgiji alinijazia karatasi ya kusafiria. Tukafika pale panapouliza: mwenye karatasi aliingia nchini kwa njia gani? Nikasema kwa ndege. Akasema haiwezekani, ndege ile ilikuwa na mtu mmoja, imeandikwa. Nikasema basi andika kwa meli. Akasema meli zina orodha, simo. Motokaa zina vitabu vyake pale mpakani, simo. Akatafuna kalamu, mtu wa watu, maana yeye ndiye aliyetuhesabu vichwa siku ile na anajua kabisa nilishuka wapi. Mwishowe akaandika: kwa miguu. Akapiga muhuri.

Nilicheka mpaka askari wa lango akaja kutazama. Nimevuka nchi tatu kwa miguu, dada, nimeshika sanduku la spana!

Ninakwenda Tabora na Mwanza kwa gari moshi, kisha meli mpaka Kisumu. Huko nitalala kwa Githinji wa reli, yule tuliyesoma naye, mpaka nipate nafasi ya gari la Nairobi. Niandikie kwake. Wasomee wote barua hii, na umsomee Katunge pale pa miguu, labda atacheka.

Ndugu yako mwenye miguu mirefu,
Muasya


Gatuanyaga, 24 Septemba 1954

Ndugu yangu Muasya,

Karibu Kisumu. Msalimu Githinji na mwambie asante kwa kitanda. Sisi tumebanana hapa kwa mama kama mbegu za malenge lakini tunaelewana. Ndambuki amelima kipande cha juu na ameahidi kukuachia kile chenye mawe.

Barua yako niliisoma jana, wote tumekaa nje baada ya chakula. Nilipofika pale pa miguu Ndambuki alicheka mpaka akajifuta macho. Mama hakucheka. Unamjua, kilichoandikwa na kupigwa muhuri kwake ni kweli. Akasema, "Mwanangu ametembea kote huko?" Nikamweleza kwamba ni karatasi tu. Hakunisikia. Leo tangu asubuhi ameosha lile karai kubwa, ametafuta majani ya kuchemshia maji ya miguu yako, na amenituma Thika mafuta ya mgando. Nimeyanunua. Utakapofika uketi akuoshe, wala usimwambie lolote.

Katunge alikuwa amekaa pale pake mlangoni, Ngina mapajani. Nilidhani hakusikiliza. Kisha akasema, na ni neno la kwanza tangu ashuke kwenye lile lori. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeuliza njia.

"Kama miguu ilimfikisha, mbona haikumrudisha?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya waya na kadi na karatasi iliyofungwa. Nikamwona anavyonitazama, na kichwa chake ambacho nywele ndiyo kwanza zinarudi, nikaufunga. Ametazama njia ile tangu arudi. Si mimi anayenitazamia.

Njoo, ndugu yangu. Maji yapo tayari, mbuzi mwekundu yupo. Na Katunge ameuliza, njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako,
Wayua